Ganda la Mzinga wa Meli Limerudi Mlimani

Mwembesongo,
Morogoro.
Jumapili, 15 Juni 2025.

Mpendwa Mjomba Yohana,

Shikamoo Mjomba. Natumaini barua hii inakukuta umeketi barazani kwako hapo Kigoma, chai umeshakunywa, na dada Stella yuko karibu kukusaidia pale mwandiko wangu utakapokushinda. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi, maana mara ya mwisho ulinilalamikia kwamba naandika kama sisimizi wanaohama. Mgongo unasemaje? Na Mama Stella, mguu wake umepata nafuu? Mwambie asiache kuukanda kwa maji ya moto, hata kama anaona umepona.

Huku kwetu hatujambo. Masika yameisha, sasa baridi imeingia na asubuhi milima inaonekana yote mpaka juu. Mama yuko kijijini na presha yake imetulia. Wiki iliyopita nilimkuta anapalilia maharage wakati daktari alimwambia apumzike. Nilipomuuliza akasema alikuwa anapumzika kutoka kwenye kupumzika. Unamjua dada yako.

Studio yangu inanipa riziki. Picha za pasipoti, za kipaimara, za wanafunzi wanaoomba vyuo. Ukutani, mahali ambapo kila mteja anapaona, nimetundika ile picha niliyokupiga mwaka juzi ukiwa umesimama gatini na meli ya Liemba iko nyuma yako. Watu wananiuliza huyo mzee ni nani, nami nawaambia ni mjomba wangu, Mluguru aliyeshuka mlimani akaenda kuwa fundi wa mitambo kwenye meli iliyokuwa ya vita ya Wajerumani. Hawaamini mpaka niwaeleze yote uliyonieleza: jinsi ilivyoletwa vipande vipande ndani ya makasha, jinsi Wajerumani wenyewe walivyoizamisha ziwani baada ya kuipaka mitambo grisi, na jinsi ilivyokaa chini ya maji karibu miaka minane kabla ya kuinuliwa ikafanya kazi tena. Mzee mmoja alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Basi hakuna cha kukatia tamaa."

Unisamehe kwa ukimya tangu Januari. Yametokea mambo, na kwa kuwa simu huisikii, na mambo yenyewe ni ya ukoo, nilitaka yatulie kwanza ndipo nikuandikie. Yametulia. Naanzia mwanzo.

Safari ile ya Kigoma iliniwasha moto, Mjomba. Niliporudi nikaanza kutafuta kila kilichobaki cha zile meli za vita ili nikipige picha. Nilikwenda Dar nikaipiga Sanamu ya Askari. Nikavuka Unguja, nikachukua boti mpaka kile kisiwa kidogo walikozikwa mabaharia wa meli ya Kiingereza iliyozamishwa hapo bandarini. Kisiwa kimya, miti, paa wadogo wanakimbia, na majina ya wale vijana yameandikwa. Nilisimama pale nikayasoma yote. Walikufa mbali na kwao, lakini mtu wa kutoka Mwembesongo, ambaye hawakumjua, anaweza kuwataja kwa majina baada ya zaidi ya miaka mia. Nilipiga picha nyingi kuliko nilizokusudia.

Mwezi wa tatu nikapanda basi mpaka Mombasa, kwa sababu ndani ya Ngome ya Yesu kuna mzinga mmoja wa ile meli iliyoizamisha hiyo ya Kiingereza, ile iliyojificha Rufiji ikafia huko. Wajerumani waliing'oa mizinga yake, wakaitia magurudumu, wakaikokotesha nchi nzima kwa mikono ya watu. Haya wewe unayajua kuliko mimi, kwa sababu kaka yake bibi yenu, babu Mloka, alikuwa mmoja wa waliokokota.

Nilikwenda na tepu ya fundi cherehani. Nilipoinama kupima mdomo wa mzinga, mlinzi akanisogelea.

"Dada, unaushonea suruali?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Kuna ndugu zangu waliuvuta huu au mwenzake. Nataka kujua kama kitu tulicho nacho nyumbani kilitoka humu."

Akacheka, kisha akanishikia upande wa pili wa tepu. Sentimeta kumi na nusu. Niliandika kwenye kiganja.

Mjomba, unakumbuka kengele ya shule yetu, lile ganda la shaba la risasi ya mzinga, ambalo kijiji kizima kinaliita Mloka? Mimi nimesoma pale miaka saba nikisikia watoto wanasema "Mloka ameita," tunakimbia mstarini. Mama alikuwa akituambia kwamba babu Mloka aliondoka na mdogo wake mwaka ule Wajerumani walipokuwa wanarudi nyuma kutoka Morogoro kuelekea Kisaki. Wakakamatwa njiani, wakatiwa kamba, wakavuta mzinga. Mloka akarudi peke yake na ganda hilo begani. Alipoulizwa mdogo wake yuko wapi, akaliweka ganda mlangoni kwa mama yao, akakaa chini, asiseme neno. Basi ukoo ukalishika kama kaburi la yule asiye na kaburi. Hata shule ilipojengwa, wazee waliwaazima walimu tu.

Picha za ganda hilo nilizipiga Krismasi ya mwaka juzi, mpaka kitako chake chenye herufi na namba zilizogongwa. Lakini sikuwahi kulipima. Ndiyo maana nilipotoka Mombasa sikulala hata siku mbili mjini. Nilipanda gari la Matombo, nikashuka, nikatembea mpaka shuleni, tepu iko mfukoni.

Pale kwenye mti wake palining'inia kamba tupu.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Evance, ni mtu mwema na hana kosa. Aliniambia wafadhili wamewaletea kengele ya umeme wa jua, kwa hiyo ya zamani waliikabidhi kwa ukoo, kama walivyoahidiana na wazee. "Aliichukua mdogo wako Allen," akasema, "akasema anamletea mama yenu."

Mama alikuwa hajaletewa kitu. Nilipomwambia, aliweka ungo chini taratibu, akanitazama. "Umekwenda mpaka Mombasa kutazama mzinga wa watu," akasema, "na cha kwetu kimeondoka nyuma yako." Jioni ile hakula. Na kesho yake hakula.

Nilimkuta Allen pale Msamvu mjini, kijiweni wanapopaki bodaboda zao. Aliponiona tu alijua. Akashuka kwenye pikipiki akaegemea ukuta.

"Nimezingua, dada," akasema. "Nimezingua sana."

Pikipiki ilikuwa imekufa injini, wiki ya pili hajaingiza kitu, na watu wa skrepa walikuwa wanapita wanatangaza kwamba wananunua brasi. Alilitazama lile ganda, akaona shaba kuukuu iliyotobolewa pembeni, akaiuza, akatengeneza injini. Hadithi ya babu Mloka aliisikia utotoni kama alivyosikia ya sungura na fisi. Nilitaka kumpiga kofi, Mjomba, nakuambia ukweli. Lakini alikuwa analia, mtu mzima wa miaka ishirini na saba, mbele ya wenzake wote, na hakujali kama wanamwona. Nikamwambia, "Panda pikipiki yako, tukatafute."

Yule aliyemuuzia alikuwa ameshauza kwa mwingine, na huyo mwingine kwa mwingine. Tulizunguka siku tano. Tulikwenda kila yadi ya vyuma chakavu kuanzia Msamvu mpaka kule wanakotokea watu wa Dakawa na mafuso yao. Nilichapisha picha za ganda nakala thelathini, za upande na za kitako, nyuma nikaandika namba yangu ya simu, nikazigawa. Wengi waliniambia nisijisumbue, kwamba brasi haikai, inapelekwa Dar kuyeyushwa. Siku ya nne Allen aliniuliza, "Likiwa limeyeyushwa, mama ataniita mwanawe tena?" Nikamwambia sijui. Sikutaka kumdanganya.

Siku ya tano jioni nikapigiwa simu na mwanamke. Akasema anaitwa Mwaisha, picha yangu imemfikia kwa wenzake, ananunua skrepa, na yadi yake iko hapa hapa Mwembesongo, mitaa mitatu kutoka studio kwangu. Pale sikuwa nimepita, kwa sababu nilidhani ni banda la mkaa.

Tulimkuta amekaa juu ya rimu ya lori, kanga kichwani, glovu mikononi, mama wa makamo. Hakutukaribisha. Alishika picha yangu akaigeuza geuza.

"Hii umepiga wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Lini?"

"Krismasi ya mwaka juzi, shuleni kwetu."

"Na aliyeuza nani?"

Allen akasema, "Mimi." Mwaisha akamtazama kwa muda, akainuka, akaingia bandani, akatoka nalo limefungwa kwenye gunia.

Alitueleza kwamba lilipoletwa, kijana wake alilitupa juu ya lundo, nalo likalia. Likalia, akasema, mpaka watu wa mtaa wa pili wakageuka. Ameuza vyuma miaka kumi na sita hajasikia chuma kinacholia namna ile kwenye lundo. Lori la Dar lilipokuja kupakia akaliweka pembeni. Mara ya pili likaja, akaliweka tena pembeni. "Nilijua kuna mtu analitafuta," akasema. "Kitu hakilii hivyo kama hakina mwenyewe."

Nilitoa tepu palepale. Mdomo wake, kwa ndani: sentimeta kumi na nusu. Nikampa Mwaisha ashike upande mmoja, nikamwambia kipimo hiki nimekitoa Mombasa kwenye mzinga wenyewe. Ndipo alipotabasamu mara ya kwanza.

Hakulitoa bure, naye ana watoto wanaosoma. Allen alikubali kumfanyia kazi wiki sita, kupanga na kupakia, na akazimaliza zote bila kukosa siku. Isitoshe, Mwaisha alidai jambo la pili: siku ya kulirudisha naye awepo. Akasema babu yake mzaa baba, kule Mgeta, naye alichukuliwa vita ile ile, na kwao hakubaki hata kijiko.

Tulilirudisha Jumamosi ya mwisho ya Mei. Njia ilikuwa imekatwa na mvua, gari likatuacha mbali, tukamalizia kwa miguu saa mbili nzima na tope la kutosha. Allen alilibeba mwenyewe na hakukubali kupokewa. Mwaisha alipanda mlima wetu na viatu vya plastiki, akihema, akisema hajui kwa nini watu wanajenga nyumba mahali panapowafaa mbuzi tu.

Mama alikuwa amesimama uani. Allen alipiga magoti, akaliweka mbele yake, akasema, "Mama, nimelirudisha. Nimekosa." Nilimwomba Mungu kimoyomoyo. Mama aliinama akalipapasa, akakuta lile tundu la pembeni, akaingiza kidole, kama unavyopima jeraha la mtoto. Kisha akamwambia Allen, "Umekonda. Huko mjini hakuna chakula?" Akaingia jikoni. Ndivyo alivyosamehe, Mjomba. Tulikula ugali na kisamvu, na Mama akala sahani mbili.

Kumbe habari zilitutangulia. Mchana watu walianza kuja, Waislamu na Wakristo, wa ukoo wetu na wasio wa ukoo, wakitaka kuliona. Mama akampa Allen chuma aligonge. Likalia. Mzee mmoja akasema, "Babu yangu naye alikwenda, aliitwa Kunambi." Mwingine akasema, "Na wa kwetu, Mwinyimkuu, walisema alifia Kisaki kwa homa." Nilikimbia ndani kuchukua daftari. Mpaka jua linazama nilikuwa nimeandika majina kumi na manane. Mwaisha akalitaja la babu yake wa Mgeta mwisho kabisa, akauliza kama linaruhusiwa maana si wa kijiji hiki. Wazee wakasema liandikwe, mlima ni mmoja. Yakawa kumi na tisa.

Nilipoyasoma kwa sauti nilikumbuka wale mabaharia wa kule kisiwani. Sanamu ya Dar inawataja wapagazi kwa jumla tu, na mimi mwenyewe nilikuwa nimezunguka bahari yote na kamera nikipiga majina ya wageni, sijawahi kuuliza ya kwetu. Niliwaambia hivyo. Basi ikaamuliwa lijengwe jiwe dogo pale makaburi ya ukoo, na ganda litundikwe juu yake kwenye nguzo ya chuma, lifungwe kwa mnyororo. Shule imeomba ligongwe siku ya kufungua na ya kufunga muhula, na Mama amekubali, lakini kauli ya mwisho ni yako, kwa kuwa wewe ndiye mjomba wa lukolo letu, yaani ukoo wa upande wa mama, na hakuna wa kukupita katika jambo hili. Fundi Ahmadi ameshaanza kuchonga bila kutuchaji ufundi. Allen anamchotea mchanga mtoni.

Tumepanga kulizindua Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Najua safari ya treni ni ndefu kwa mgongo wako. Dada Stella ameniambia kwenye simu kwamba daktari hajakataa, mradi ulale kwenye behewa la vitanda. Mimi nitakupokea stesheni, na Allen ameapa atakupandisha mlimani kwa machela kama mfalme. Usimcheke, ana nguvu sasa baada ya zile wiki sita.

Picha nimekuwekea kumi na mbili ndani ya bahasha, nyuma ya kila moja nimeandika maelezo. Ile ya Mama na Mwaisha wakicheka waliipenda wenyewe, nimewachapia kubwa.

Msalimie sana Mama Stella, dada Stella na mumewe, na yule mjukuu wako anayetaka kuwa nahodha. Mwambie nimemtunzia picha ya mzinga. Mama anakusalimu, anasema amekuwekea maharage ya mlimani. Allen anakuamkia, na anaomba usikie habari yake mpaka mwisho kabla ya kumhukumu. Mwalimu Evance na wazee wote wanakuombea.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililonifanya niandike badala ya kungoja uje. Fundi anataka kuanza na majina ya ukoo wetu, na la kwanza, Mloka, amelichonga. La mdogo wake hatulijui. Mama hajui, kwa sababu bibi yenu alifariki Mama akiwa mdogo, na wakubwa walikuwa wakisema "yule mdogo wake Mloka" basi. Niliuliza nyumba kwa nyumba nikakata tamaa. Mwishowe nikampata Mzee Idrisa, yule aliyekuwa akichunga na wewe mbuzi. Sasa haoni, lakini akili yake ni nzima. Akaniambia hivi: "Bibi yao alikuwa na kaka wawili. Mmoja akarudi, mmoja hakurudi. Mjukuu wake wa kwanza wa kiume alipozaliwa, alimpa jina la yule ambaye hakurudi. Mapadre wakambatiza Yohana, lakini nyumbani, mpaka anakufa, yule bibi hakumwita Yohana hata siku moja. Mimi jina limenitoka. Muulize mwenyewe."

Mjomba, bibi yako alikuwa akikuita nani?

Tuandikie kwa mkono wako, herufi kubwa, ili fundi asikosee. Nafasi ameiacha chini ya Mloka.

Mungu wa babu zetu akutunze, akupe usingizi mwema na safari nyepesi.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na kukungoja,

Jesca